Kiitikio Kabla ya Mdundo: DJ wa Mbulu na Hanang na Urithi wa Sauti

Flashi ya DJ wa Katesh, wilayani Hanang, na ya DJ wa Mbagala, Dar es Salaam, siku hizi zinafanana. Humo mna bongo fleva ya wiki hii, amapiano za Afrika Kusini, singeli, nyimbo za injili za kuwaingizia maharusi ukumbini, na rumba walizotunziwa wazee. Programu ya kuchanganyia ni ileile, kompyuta mpakato ni zilezile, na spika zimetoka kwenye maduka yaleyale. Ikiwa nyimbo hazitofautiani na mashine hazitofautiani, DJ aliyelelewa Mbulu au Hanang anapata wapi mtindo wake, na sisi wasikilizaji tuutambue kwa dalili gani?

Wengi hujibu kwamba aongeze vionjo vya asili. Achukue kipande cha wimbo wa Kidatoga, akipachike juu ya mdundo wa amapiano, na hapo atakuwa amejitambulisha. Jibu hilo lina ukweli kidogo na hatari nyingi. Katika makala haya nalinganisha mapokeo ya Kingston na Bronx, ya Dar es Salaam na Arusha, na ya Wairaqw, Wadatoga na Wahadzabe. Nadai kwamba sehemu kubwa ya urithi wa DJ imo katika namna jamii yake inavyoendesha mkusanyiko: nani anaanza, nani anaitikia, kimya kinaachwa kwa muda gani, na kilele kinacheleweshwa mpaka lini. Namna hiyo husafiri hata pale wimbo wenyewe unapobaki nyumbani.

Mtindo kabla ya disko

Watanzania walikuwa na elimu ya mtindo kabla disko halijawafikia. Bendi za dansi zilijulikana kwa mitindo yake kama timu zinavyojulikana kwa jezi. Mlimani Park Orchestra, iliyoanza mwaka 1978, ilikuwa Sikinde, jina lililotokana na ngoma ya Wazaramo. JUWATA Jazz, mrithi wa NUTA Jazz, ilikuwa Msondo. Maquis walikuwa Kamanyola, Vijana Jazz wakawa Pambamoto. Msikilizaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam aliyekaa Dongobesh au Basotu, mamia ya kilomita kutoka kwenye kumbi hizo, aliweza kuitambua bendi kabla mtangazaji hajaitaja, hata kama wimbo ulikuwa mgeni kwake. Alizoea jinsi magitaa yanavyojibizana, mahali tarumbeta zinapoingia, na muda unaopita kabla ya chemko.

Chemko ndilo somo kubwa ambalo dansi liliwaachia ma-DJ wetu. Wimbo huanza taratibu, hadithi ya mapenzi au ya maisha ikasimuliwa beti kwa beti, kisha muziki unageuka: maneno yanapungua, magitaa na ngoma vinachukua uwanja, na wachezaji waliokuwa wakiyumba pole wanaanza kucheza kwa nguvu zote. Sehemu ya kwanza ipo kwa ajili ya kuistahili ya pili. DJ wa sherehe anayekata rumba kwenye ubeti wa pili ili awahi wimbo mwingine amewanyang'anya wazee kitu walichokaa wakikingoja. Anayeliacha chemko likafika, akalirefusha, anafanya kazi ambayo kijana mmoja wa Bronx aliifanya kwa santuri mbili na kubadilisha muziki wa dunia.

Alichobeba Kool Herc

Clive Campbell alizaliwa Kingston, Jamaica, mwaka 1955, akahamia New York na familia yake mwaka 1967. Kingston aliyoiacha ilikuwa na utamaduni wa mitambo mikubwa ya muziki inayofungwa viwanjani: spika nzito, besi inayosikika kifuani, na mtu mwenye maikrofoni anayesema juu ya santuri, akiwataja waliofika na kuwachangamsha. Tarehe 11 Agosti 1973, katika jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue, mtaani Bronx, dada yake Cindy aliandaa sherehe ya kufungua shule, na Clive, aliyekwisha kujulikana kama DJ Kool Herc, akapiga muziki.

Jambo la maana kwetu ni kwamba reggae haikuwashika vijana wa Bronx. Herc mwenyewe ameeleza kwamba aliwajaribia muziki wa Jamaica na haukuwagusa, akahamia kwenye funk na soul, nyimbo za James Brown na wenzake. Nyimbo za Kingston zikabaki pembeni, lakini Kingston ikaendelea kuwepo katika ukubwa wa spika, katika maneno mafupi yaliyosemwa juu ya muziki, na katika imani kwamba anayeongoza usiku ni mchezaji. Aliwatazama wachezaji, akaona kuwa wengi wanangojea ile sehemu fupi ambapo uimbaji unakoma na ngoma zinabaki peke yake. Akatafuta nakala mbili za santuri moja, sehemu hiyo ilipoisha upande huu akaianzisha upande wa pili, na sekunde chache zikawa dakika kadhaa. Hapo ndipo msingi wa hip hop ulipowekwa.

Mchezaji wa Sikinde angemwelewa Herc bila mkalimani. Wote wawili walikuwa wakingoja mlango uleule ufunguke. Tofauti ni kwamba bendi ilifika kwenye chemko kwa hiari yake, na Herc alilazimisha santuri ifike huko tena na tena. Alichokirithi kilikuwa namna ya kuwasoma watu, na namna hiyo ilivuka bahari bila kuhitaji hata wimbo mmoja wa kwao.

Arusha yenye sauti, Dar es Salaam yenye mwendo

Mkoa wa Manyara, zilimo Mbulu na Hanang, ulimegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Kabla ya hapo, mtu wa Mbulu au Katesh aliyekwenda mkoani alikwenda Arusha, na Arusha ina nafasi yake katika historia ya ma-DJ wa nchi hii. Clouds, kabla ya kuwa redio inayosikika nchi nzima, ilianza kama disko la Joseph Kusaga mjini humo. Na mwaka 1996 likazaliwa huko kundi la X Plastaz, lililowaunganisha vijana wa kufoka wa mjini na Merege, mwimbaji wa Kimaasai. Albamu yao Maasai Hip Hop ilitoka mwaka 2004.

Njia ya X Plastaz ni kinyume cha ya Herc. Wao waliibeba sauti yenyewe: pumzi nzito za koo, viitikio vya kundi, mawimbi ya uimbaji wa Kimaasai yakipita chini ya maneno ya Kiswahili. Lakini waliibeba pamoja na mwenyewe. Merege alikuwa mwanakundi, alisimama jukwaani, na aliweza kuamua aimbe nini na asiimbe nini. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, alipotengeneza albamu ya Assembly mwaka 2002 pamoja na Michael Brook wa Kanada. Mitambo ya kisasa ilimzunguka, na zeze na sauti vikabaki mikononi mwa aliyevirithi.

Singeli ilikuja kwa njia ya tatu. Katika mitaa ya Dar es Salaam kama Manzese, Tandale na Mburahati, sherehe za usiku kucha zijulikanazo kama vigodoro zilikuwa na ma-DJ waliochukua vipande vya taarabu, wakavizungusha na kuviongeza kasi huku MC akitaja majirani na kuchokoza wachezaji. Mchiriku wa vijana wa Kizaramo, wenye vinanda vidogo na spika zinazokwaruza, ulikuwa umeshaandaa masikio. Studio ya Sisso pale Mburahati ikawa mojawapo ya viwanda vya muziki huo, na mkusanyiko wa Sounds of Sisso, uliotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017, ukaupeleka Ulaya. Mapigo yake hupita 200 kwa dakika. Husikii humo rekodi za mababu wa Kizaramo. Unasikia hafla yao: barabara iliyofungwa, wanawake katikati ya uwanja, maneno ya papo kwa papo, na ngoma isiyokubali mtu akae.

Kwa hiyo tuna mifano mitatu. Herc alirithi uendeshaji, X Plastaz walirithi sauti pamoja na mwenye sauti, singeli ilirithi hafla na mwendo wake. Anayetaka kujua DJ wa Mbulu na Hanang amerithi nini lazima aulize kwanza watu wa huko hukusanyika vipi.

Wilaya mbili, mapokeo manne

Ni sehemu chache sana za Afrika ambako familia nyingi za lugha zimekutana kwa karibu kama hapa. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, ndugu wa mbali wa Kisomali na Kioromo. Kidatoga ni ya Kinilo, jamaa ya Kikalenjin cha Kenya. Kihadza cha bonde la Yaeda na pembezoni mwa Ziwa Eyasi kina vidoko na hakijathibitishwa kuwa na ndugu yeyote. Wanyaturu, Wanyiramba na Warangi wamekuja na lugha za Kibantu. Kuanzia miinuko ya Mbulu hadi tambarare za Basotu na miteremko ya Mlima Hanang, wenye mita 3,417, watu hawa wamepigana, wameoana, wamekopeshana mifugo na maneno. Mashamba makubwa ya ngano ya Hanang, yaliyoanzishwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Kanada, yaliongeza wafanyakazi kutoka mikoa mingine, na yaliwaondoa Wabarbaig wengi, tawi la Wadatoga, katika malisho yao, jeraha ambalo wazee hawajalisahau.

Ukumbi wa harusi wa Katesh au Haydom unaweza basi kuwa na watu ambao bibi zao walifundishwa kushangilia kwa namna zisizofanana. DJ asiyejua hilo atadhani umati ni mmoja na mgumu kuchangamka. Anayejua atasikia kwamba kila kundi lina mlango wake.

Nianze na Wairaqw. Wao wana slufay, usemi wa baraka unaotolewa na mzee mbele ya watu, kikao kinapomalizika, kwenye pombe, kwenye sherehe, au jamii inapoomba mvua na amani. Msemaji hutoa mstari, waliohudhuria huitikia kwa pamoja, naye huendelea. Humtaja Looaa, Mungu anayehusishwa na jua na wema wa mama. Hutaja pia neetlaamee, roho za mito na chemchemi ambazo watu huishi nazo kwa tahadhari. Msemaji hodari ana akiba kubwa ya mistari aliyoirithi, na kazi yake ni kuipanga upya kulingana na waliokaa mbele yake: leo kuna ugomvi wa kupatanisha, kesho kuna mtoto wa kubariki. Mwitikio wa watu ndio unaomruhusu kupanda kutoka mstari mmoja kwenda mwingine.

Mwenye kujua kazi ya DJ atauona ujirani huu mara moja. DJ naye hatungi nyimbo anazopiga. Ana akiba, na ustadi wake ni kuchagua lipi litangulie na lipi lifuate mbele ya watu hawa, saa hii. Lakini slufay inamfundisha jambo ambalo wengi wanalikosa, nalo ni uchumi wa maneno. Mzee anasema, kisha anawapa watu nafasi ya kujibu. Tumezoea sherehe ambamo MC na DJ wanapigania maikrofoni tangu wageni wanapoingia hadi keki inapokatwa, na umati haupewi hata pumzi moja ya kuitikia. Kijana aliyekulia karibu na slufay anajua kwamba sauti ya umati nayo ina zamu.

Kwa Wadatoga, na hasa Wabarbaig wa Hanang, somo ni subira na uzito wa mwili. Mzee mashuhuri akifa anaweza kufanyiwa bung'eda, mazishi ya heshima yanayoendelea kwa miezi kadhaa huku tuta la kaburi likiinuliwa na watu wakija kutoka mbali. Wanawake wa Kidatoga nao wana mapokeo yao ya kuimba kwa pamoja, wakimlilia na kumsifu Aseeta, Mungu wao, na wana baraza lao, girgwageda ya wanawake, ambalo mwanaanthropolojia George Klima alieleza kwamba lilikuwa na nguvu ya kumtoza faini mwanamume aliyemdhulumu mwanamke. Jamii iliyozoea shughuli ya miezi haishtuki usiku ukichelewa kupamba moto. Kuanza polepole kwao ni heshima.

Kisha kuna kuruka. Vijana wa Kidatoga huruka wima, miguu pamoja, uimbaji ukiwainua na kuwashusha, na hapa hesabu ndogo inaeleza jambo ambalo ma-DJ hulijua kwa hisia. Mtu akiruka sentimita 30 hukaa hewani karibu nusu sekunde. Amapiano nyingi huenda kwa mapigo kama 112 kwa dakika, yaani zaidi kidogo ya nusu sekunde kati ya pigo na pigo. Mrukaji anaweza kupaa kwenye pigo moja na kutua kwenye linalofuata. Singeli ya mapigo 200 ina sekunde 0.3 tu kati ya mapigo, na miguu bado iko juu pigo la pili linapofika. Akiendelea kuruka itabidi ayagawe mapigo mawili mawili. Akitaka kufuata kila pigo itabidi aache kuruka, acheze kwa nyayo na kiuno kama wachezaji wa Manzese. Ndiyo maana napendekeza kwamba DJ wa Hanang anayebaki muda mrefu kwenye mwendo wa wastani asiambiwe amepitwa na wakati. Huenda anasikia kimo cha wachezaji wake.

Wahadzabe wana epeme. Hufanyika usiku wa giza, mwezi usipokuwepo na moto ukiwa umezimwa. Wanawake huimba, sauti zikipishana na kufungamana. Wanaume huingia mmoja mmoja, kila mmoja na njuga mguuni, manyanga mkononi na manyoya ya mbuni kichwani, akipiga mguu ardhini hadi njuga zikawa ngoma. Ni ibada inayofunga undugu na kuponya mifarakano. Nani amekosana na nani, nani ana haki ya kuingia, yote hayo yana uzito ndani yake.

Ukumbi wetu wa sherehe unafuata kanuni iliyo kinyume: taa nyingi, sauti nyingi, kila kitu kwa wakati mmoja. Epeme inaonyesha nguvu inayopatikana vitu vinapopunguzwa, pale mtu mmoja anapobaki na mguu wake na waimbaji wanaomzunguka. DJ anaweza kujifunza kutoka kwake kuondoa besi, kuacha makofi peke yake, kupunguza mwanga, na kumpa mchezaji mmoja uwanja. Hayo hayahitaji rekodi yoyote kutoka Yaeda. Na rekodi yenyewe, nasema kwa uzito wote, haina nafasi kwenye ukumbi wa bia. Epeme ina wenyewe, ina usiku wake na ina masharti yake.

Mapokeo ya nne yaliletwa na makanisa. Wakatoliki wa Jimbo la Mbulu na Walutheri wa Haydom, ambako wamisionari kutoka Norwei walifungua hospitali mwaka 1955, wamelea vizazi vya waimbaji wa kwaya. Mtoto hufundishwa solfa, hupangwa kwenye sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu au ya nne, na hukaa miaka akisikiliza jinsi sauti yake inavyokaa ndani ya zile nyingine. DJ aliyepitia huko ana sikio la pekee. Wengi huunganisha nyimbo mbili kwa kulinganisha mapigo tu; programu huwafanyia kazi hiyo kwa kubonyeza kitufe. Yeye anasikia pia funguo. Akipandisha wimbo mpya juu ya unaoisha na noti zikagombana, anaumia kama anavyoumia mwalimu wa kwaya besi ikipotoka. Anapochagua wimbo unaofuata kwa sababu noti yake ya kwanza inakaa vizuri juu ya noti ya mwisho ya uliopita, anatumia elimu ya Jumapili kwenye kazi ya Jumamosi usiku.

Ukiyaweka pamoja mapokeo haya, unaona kwamba sauti ya binadamu na mwitikio wake vina uzito wa pekee katika nchi hii. Pwani, DJ anaweza kurithi ngoma na akatosheka. Mbulu na Hanang, anachokirithi kwanza ni watu wanaojua kujibu.

Redio isiyosema lugha ya bibi

Kuna sababu nyingine inayomfanya DJ wa sherehe awe mtu muhimu kuliko tunavyodhani. Nchini Kenya, Kameme FM ilianza kutangaza kwa Kikikuyu mwaka 2000, na vituo vya lugha nyingine vikafuata. Wakalenjin, ambao lugha yao ni jamaa ya Kidatoga, wana Kass FM. Kijana wa Eldoret anaweza kukua akisikia ma-DJ wakitambulisha muziki wa kwao kwa lugha ya kwao, wakibishana juu yake, wakiupanga kwa miongo.

Tanzania ilichagua njia nyingine. Kanuni za utangazaji zinavitaka vituo vitumie Kiswahili au Kiingereza. Uamuzi huo umetupa kitu cha thamani, kwa sababu Mwiraqw, Mdatoga na Mnyaturu wanaweza kukaa ukumbi mmoja na kucheka utani mmoja, na sitaki kuudharau hata kidogo. Lakini una gharama yake. Nyimbo za Kiiraqw na Kidatoga husafiri zaidi kwa kadi za kumbukumbu, kwa flashi, kwa spika za bodaboda, kwa YouTube na kwa vibanda vya mnadani, na mara nyingi zinafika bila jina la mwimbaji wala la kijiji. Hakuna kipindi cha kuzijadili, hakuna mtangazaji wa kuzipanga. Kazi hiyo imemwangukia DJ wa harusi na wa kipaimara, aliyealikwa kuchangamsha watu na kujikuta akiwa mtunza maktaba.

Hapo ndipo linganisho letu linapopata makali. Herc alifanya kazi mahali ambapo muziki aliouchanganya ulikuwa umerekodiwa kwa wingi na unauzwa madukani. Angeweza kuharibu santuri moja akanunua nyingine. Ma-DJ wa singeli walikuwa na hazina kubwa ya taarabu iliyorekodiwa. DJ wa Katesh anayepokea wimbo wa Kidatoga uliorekodiwa kwa simu anaweza kuwa ameshika nakala mojawapo kati ya chache zilizopo. Akiukata sekunde nne, akaugeuza kasi na kuutupa uliobaki, kilichopotea hakina duka la kukirudisha.

Kipi kichukuliwe, kipi kiachwe

Sisemi kwamba sauti za asili zisiguswe. X Plastaz wameonyesha kwamba zinaweza kusimama kwenye muziki wa leo bila kudhalilika, na Zawose ameonyesha hivyohivyo. Nasema kuna njia mbili za urithi na kila moja ina adabu yake.

Ukichukua sauti, mchukue na mwenyewe. Mwite mwimbaji, mlipe, mtaje kwa jina, mruhusu akwambie wimbo huu ni wa furaha au wa kilio, wa wanawake peke yao au wa wote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitambua kazi za sanaa za jadi kuwa kitu kinachostahili kulindwa, lakini mlinzi wa kwanza ni DJ anayeuliza kabla ya kukata. Wimbo wa bung'eda uliowekwa chini ya midundo ya kukatia keki ni msiba uliogeuzwa kuwa kiburudisho, na mjane anaweza kuwa amekaa meza ya tatu.

Ukichukua namna, huna haja ya kuomba ruhusa kwa mtu, ila unahitaji miaka ya kusikiliza. Namna haichukuliwi kwa kebo. Inaingia mwilini kwa kukaa ambapo mzee anasema na watu wanaitikia, kwa kuruka ukajua miguu inatua lini, kwa kuimba sauti ya tatu hadi usikie ya kwanza na ya nne bila kuzitafuta. Njia hii ni ndefu, na ndiyo iliyomfanya Herc awe Herc. Nadhani pia ndiyo inayofaa zaidi mahali penye mapokeo yanayobeba ibada na matanga, kwa sababu inamwezesha DJ kufundishwa na epeme au bung'eda bila kuviingiza sokoni.

Wakosoaji wa muziki tuna wajibu hapa. Tumekuwa wepesi kumsifu DJ kwa kuhesabu vionjo vya asili alivyoweka, kana kwamba utamaduni ni chumvi. Tungefanya kazi bora zaidi kama tungeketi kwenye sherehe tukatazama mambo ambayo flashi haiwezi kuyaonyesha. Je, analiacha chemko la wazee lifike? Je, akiona wachezaji wanaruka anawatafutia mwendo unaolingana na kimo chao? Nyimbo mbili zikipishana, noti zake zinapatana? Anaposhika maikrofoni, anasema kwa muda gani kabla ya kunyamaza?

Na liko jaribio moja linalonitosha kuliko yote, kwa sababu linapima mapokeo yote manne kwa pamoja. Kila DJ hufika mahali usiku anapoteremsha sauti ya spika ghafla ili umati uimbe wenyewe. Ni ufundi unaotumika kila mji, kutoka Kampala hadi Johannesburg, na mara nyingi huwa ni mbwembwe tu. Lakini mbele ya watu wa Mbulu na Hanang una maana kubwa zaidi, kwa kuwa hao wamelelewa kwenye viitikio. DJ aliyeiga mtindo wa mwingine atateremsha sauti mahali pasipo na zamu ya mtu, na watu watamtazama. Aliyerithi atateremsha pale tu ambapo watu wana neno la kujibu, naye ataongeza sauti wakishamaliza, si kabla.